Salamu Ndefu kwa Mota ya Pampu

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, feni ya mezani na kipaza sauti. Kitenge na feni nilivipokea vizuri. Kipaza sauti nilikirudisha, nikasema asanteni, nikakaa, maana pilau lilikuwa linapoa. Sasa niko nyumbani, mtaani Viwanja Sitini, feni inazunguka, na naona mlistahili zaidi ya neno moja. Haya, vijana wa karakana, vuteni viti. Vyeo na mishahara siviongelei; vyeo vilichelewa kuja, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari za mota zilizotaka kunifukuzisha kazi, na jinsi tulivyozinyoosha.

Siku ya kwanza nafika kwenye kiwanda chetu cha kukoboa mpunga, nimetoka chuo cha ufundi na bahasha yangu mkononi, mlinzi wa getini aliniambia jikoni ni upande wa nyuma. Nikamwambia natafuta karakana ya umeme. Alicheka, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni, si kwa adabu, bali aone kama kweli nitaingia.

Ndani nilimkuta Mzee Kalisti, Mpogoro mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua liwe kali vipi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua, anaifungua, anatoa waya wa shaba ulioteketea, anasuka mwingine mzunguko kwa mzunguko, anaupaka vanishi, anaukausha, na mota inarudi kazini kama mpya. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Unajua kusuka, binti?"

"Nywele, mzee."

"Basi vidole unavyo. Kaa hapa."

Nilikaa hapo mpaka alipostaafu yeye, na kile kiti nikakirithi.

Cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kusuka, kilikuwa kusalimia. Mnacheka, lakini wengi wenu nimewafundisha hivyohivyo. Kipimajoto kiwandani hakikuwepo. Mota zetu za zamani zilikuwa kubwa kuliko kazi zake, kwa hiyo mota nzima huwa na uvuguvugu tu. Kila asubuhi, mitambo ikishapata moto, Mzee Kalisti alizipitia zote. Kwanza testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ahakikishe bodi, yaani ganda la mota, haina umeme, kisha kiganja juu ya mota, na hapo anaanza taratibu: "Shikamoo. Marahaba. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Haya, kazi njema." Mkono ukivumilia mpaka kazi njema, mota ni nzima. Ukiutoa kwenye watoto, iangalie. Ukiutoa kwenye hujambo, izime upesi. Ukiutoa kwenye shikamoo, umechelewa, kachukue waya.

Wageni walidhani ni uchawi wa Kipogoro. Sisi tulipeana taarifa hivyo siku nzima. "Feni ya pumba vipi?" "Nimeishia habari za nyumbani." Kila mtu ameelewa.

Sasa njooni miaka ya tisini. Kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, na mnajua maana yake: kila asubuhi watu wanaulizana nani atapunguzwa leo. Mwenye mali akaleta meneja mpya, mtu mzima, mnyoofu, asiyependa porojo. Tena mwanzoni alikuwa na heshima zake. Nikimpa shikamoo asubuhi anasimama kabisa. "Marahaba, Skolastika. Hujambo?" Nikampenda kwa hilo.

Shida ya kiwanda ilikuwa chenga. Mashine zetu mbili za kukoboa zilikimbia mwendo mmoja tu, mpunga uwe mkavu au mbichi, na mchele ulitoka umevunjika. Wanunuzi waliukataa. Basi zikaletwa draivu mbili, masanduku ya chuma yenye vitufe, ambayo hukaa kati ya umeme na mota na kubadili mwendo wake unavyotaka. Weee! Mchele uliotoka siku ile ulikuwa mrefu na mweupe, mpishi wa kantini akaubusu. Wakulima wa bondeni wakaanza kutuletea mpunga badala ya kuupeleka Morogoro.

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Mota zikawa zinaungua, na si zile za kwenye draivu, bali zile nyingine: ya lifti ya kupandisha mpunga, ya feni ya pumba, ya ungo wa kuchekechea. Ikiungua naisuka, nairudisha. Haimalizi majuma mawili inarudi kwangu inanuka. Naisuka tena kwa uangalifu kama navisha bibi harusi, nairudisha. Inarudi.

Maneno hayakukawia. Mara Skola vidole vimechoka. Mara mzee alipokuwepo mota zilidumu. Mara mwanamke na mota wapi na wapi. Nilikwenda mpaka shambani kwa Mzee Kalisti kuomba ushauri, nikamkuta anapalilia. Akafikiri sana, akasema ni vanishi feki. Mzee wangu nampenda, lakini siku ile alinipoteza: nilibadili vanishi, na mota zikaungua na vanishi mpya.

Meneja akaniita ofisini. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma.

"Skolastika, mota zilizoungua zote umezisuka wewe."

"Ndiyo, bwana Meneja. Hapa hakuna msukaji mwingine."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Msimu wa mavuno ukianza mambo yakiwa hivi, naleta msukaji kutoka Morogoro. Wewe utakwenda kushona magunia."

Sina ubaya na washona magunia, dada zangu wale walinitunza sana. Lakini mimi nilikuwa msukaji mota. Nilitoka mle ofisini nikarudi kwenye kiti changu. Kesho yake asubuhi nikampa shikamoo uani, mbele za watu. Akanipita kimya. Keshokutwa vilevile. Jamani, shikamoo isiyoitikiwa haina pa kwenda. Unabaki nayo mdomoni, na kila mtu anakutazama. Nililia stoo, nyuma ya mapipa ya grisi, nikajipangusa, nikarudi kazini.

Kwa sababu ya zile draivu, mwenye mali alimleta pia Injinia Masanja, Msukuma mrefu, mcheshi, aliyewahi kufanya kazi na mitambo ya kuzalisha umeme huko Kidatu. Wengi walimwepuka, wakidhani amekuja kupunguza watu. Mimi nilimkuta ameshika kichwa mbele ya paneli kuu ya umeme, na kopo mojawapo la kapasita, yale ya kupunguza umeme unaopotea, limevimba kama andazi.

"Dada Skola, haya makopo yalikuwa hivi siku zote?"

"Hayakuwa hivi. Yamevimba mwaka huu."

"Na mota zimeanza kuungua lini?"

"Mwaka huu. Lakini hizo wanasema ni mkono wangu."

Akanitazama. "Kuna mota yoyote hapa ambayo hujawahi kuigusa?"

Nikataka kusema hakuna. Halafu nikakumbuka pampu ya maji. Ile pampu ilikuwa kibandani peke yake, nyuma kabisa, mota yake ina waya uleule iliotoka nao kiwandani kwao Ulaya. Haikuwahi kuungua, haikuwahi kusukwa, na kwa kuwa haikuwahi kutusumbua hata mimi nilikuwa nimeacha kuisalimia. Tukaenda. Nikapima kwa testa, nikaweka kiganja.

"Shikamoo. Marahaba. Huja—"

Nikautoa mkono. Nikaupuliza. Kisha nikaanza kucheka peke yangu pale kibandani, machozi yananitoka, Injinia anadhani nimeunguzwa akili.

"Injinia, hii sijaisuka mimi!"

"Ndiyo."

"Na inaungua!"

"Ndiyo, dada. Mkono wako hauna kosa. Kosa liko kwenye umeme."

Kama kuna siku niliyomwona mwanaume mzuri wa sura, ni ile. Mume wangu nilimweleza, akanisamehe.

Masanja aliazima kimashine chenye kioo kinachochora umeme, akanionyesha. Umeme mzuri hupanda na kushuka kwa mviringo laini. Wetu ulikuwa umebonyea kichwani na una makovu. Akanieleza hivi. Mota ya kawaida huvuta umeme kwa upole, draivu haivuti hivyo. Draivu hudonoa, kama kuku kwenye mpunga ulioanikwa: dwa, dwa, anatulia, dwa, dwa. Kule kudonoa kunazaa mawimbi mengine madogo ya kasi ndani ya waya, ambayo wenye elimu yao wanayaita hamoniki. Mawimbi hayo yanasambaa kwa kila mtu anayetumia laini hiyo. Makopo ya kapasita, ambayo shirika la umeme lilitutaka tuyaweke, yanayapokea na kuyakuza. Na limo wimbi baya zaidi linalozunguka kinyume: mota inasukumwa mbele, na hapohapo inavutwa nyuma. Inayobaki ni joto tu.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Zipo mashine za kusafisha. Zinaagizwa nje."

Meneja alipotajiwa bei aliuliza kama ni ya mashine au ya kiwanda kizima. Akasema basi, msimu ukianza mota zikiendelea kuungua, draivu zinang'olewa na kuuzwa, na habari ya magunia iko palepale. Kuhusu pampu, alisema pampu ni kuukuu. Hakuamini, na sikumlaumu sana; nani angeamini kwamba mashine mbili mpya zinazotoa mchele mzuri ndizo zinazoua nyingine?

Tulipotoka Masanja alinifuata mpaka karakana. Halafu akasema, "Dada Skola, unaweza kusuka koili nene?"

"Nene kiasi gani?"

"Ya kuukaba umeme kidogo kabla haujaingia kwenye draivu, ili usiweze kudonolewa kwa kasi. Choki. Ni shaba na chuma tu. Hesabu nitafanya mimi."

Thubutu! Mtu ananiuliza kama naweza kusuka? Nyuma ya ghala kulikuwa na mizoga ya transfoma mbili, zimeota majani tangu enzi za serikali, kenge wamefanya makao. Tukawafukuza kenge. Ndani kulikuwa na shaba nzuri na vibati vya chuma vilivyopangwa kama karatasi za kitabu. Masanja akapiga hesabu ya mizunguko, mimi nikasuka. Yeye akitaja unene wa waya, mimi namwambia waya tulio nao, naye anapiga hesabu upya. Mshale wa saa ya ukutani hatukuutazama.

Choki ya kwanza ilitutia aibu. Tuliiwasha ikanguruma kama trekta lililokwama tope la Kilombero, na ikawa ya moto kuliko mota yenyewe. Watu wa kukoboa wakaja kuchungulia, wakaondoka wanabenua midomo. Tukakaa chini kuitafakari. Kosa lilikuwa la mazoea yangu. Msukaji anafundishwa kubana vibati vya transfoma visiachane hata unywele, nami nilivibana kwa nguvu zangu zote, na kujisifu juu. Kumbe choki inataka mwanya kidogo katikati ya chuma, la sivyo chuma kinashiba upesi na kuacha kukaba. Masanja akajipiga kofi kwenye paji la uso: mwanya alikuwa ameupigia hesabu, ila hakuutamka, akidhani ni jambo la wazi.

Kipande cha kuweka kwenye mwanya tulikipata kantini. Kulikuwa na meza ya fomaika, ule ubao mgumu wa plastiki, iliyovunjika mguu. Nikaikata. Mpishi alinuna juma zima.

Kukausha vanishi kulitaka tanuri, na letu lilikuwa dogo. Nikaenda Mlabani kwa Mama Zuhura, muoka mikate, nikamwomba tanuri lake mikate ikishatoka.

"Koili ndiyo mkate gani huo, shoga?"

"Usiule tu."

Akakubali. Siku mbili tatu mikate ya Mlabani ilinuka vanishi, na wateja walimwambia amebadili unga. Mama Zuhura aliwajibu ni unga wa Ulaya, wakanunua zaidi.

Tukafunga choki kwenye draivu zote mbili, na nyingine ndogo kwenye kapasita. Nikakimbilia kibandani. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nzuri, wato— Hapo nikautoa. Tulikuwa tumetoka kwenye hujambo mpaka kwenye watoto! Nilipiga kigelegele kibandani peke yangu. Lakini watoto siyo kazi njema, na malori ya kwanza ya mpunga yalikuwa yameanza kuonekana barabarani.

Ndipo Masanja akaja na lile wazo ambalo mpaka leo nikilifikiria nacheka kwa raha. Alikuwa amesimama nje ya kantini anawatazama wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja.

"Dada Skola, hawa wakishusha michi pamoja inakuwaje?"

"Inagongana, na kinu kinapasuka. Wanapokezana."

"Draivu zetu mbili zinashusha pamoja. Nataka zipokezane."

Akanieleza. Draivu moja iendelee kula umeme moja kwa moja. Ya pili ipate wake kupitia transfoma iliyosukwa upande mmoja kwa mtindo wa pembetatu na upande wa pili kwa mtindo wa nyota. Kwa kufungwa hivyo tu, umeme wake unachelewa kidogo, na mawimbi machafu ya draivu moja yanakutana na ya mwenzake yakiwa yamepishana. Huyu anapopanda, yule anashuka. Yale mabaya zaidi, pamoja na lile linalorudisha mota nyuma, yanauana yenyewe.

"Yanauana bure?"

"Bure. Tukipata transfoma."

Mzoga wa pili ulikuwepo. Ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kusuka. Hapo hapakuwa na nafasi ya kubahatisha: pembetatu na nyota, mizunguko ya upande huu iwiane na ya upande ule sawasawa, la sivyo draivu inapata umeme usio wake. Masanja alihesabu kwa sauti, mimi nasuka, akinyamaza, nasimama. Mtu akiingia karakana kutaka soga tulimtoa wote wawili kwa mdomo mmoja. Vidole vilivyosemwa vimechoka vilivimba, nikavipaka mafuta ya nazi, nikaendelea. Nilijiambia, Skola, kama ni mara ya mwisho unasuka, basi waje waikute hii.

Tuliifunga siku ambayo foleni ya matrekta, malori na baiskeli zenye magunia ilikuwa imevuka geti. Meneja akaamuru kila kitu kiwashwe kwa mpigo, kukoboa, lifti, feni, ungo, pampu, vyote. Akatangaza mbele ya wote: mota moja ikiungua leo, draivu zinashuka kesho. Mimi akanitazama tu, sikuhitaji kutangaziwa.

Kiwanda kikanguruma. Asubuhi nikapita, mchana nikapita. Lifti: kazi njema. Feni ya pumba: kazi njema. Ungo: kazi njema! Masanja kila nikipita ananiuliza kwa macho, nami namwonyesha meno. Kile kimashine cha kioo kilichora mviringo ambao, kusema kweli, ulikuwa na vikwaruzo vyake, lakini ulikuwa mviringo. Makopo ya kapasita hayakuongeza uvimbe. Mchele ulitoka mrefu, mweupe, na wakulima walikuwa wakipiga soga uani, hawajui kama kuna mtu hapa roho iko mkononi.

Jua lilipoanza kupinda Meneja akaja kibandani kwenye pampu. Sijui nani alimkumbusha kwamba hiyo ndiyo shahidi wangu. Masanja alikuwepo, washona magunia walikuwepo mlangoni, na Mzee Kalisti pia, kofia yake kichwani. Alikuwa ameleta mpunga wake kukobolewa.

"Mnaipimaje?" Meneja akauliza.

Nikapima bodi kwa testa. "Weka kiganja hapa, bwana Meneja. Mimi nitasalimia, wewe uitikie. Ikikuunguza toa."

Akaweka kiganja. Pampu ikaendelea kuimba. Nikagundua naogopa. Si kwa ajili ya mota. Mota nilikuwa nimeshaisalimia, nilijua hali yake.

"Shikamoo," nikasema.

Alinitazama. Akaelewa. Mkono wake ulitulia palepale juu ya chuma.

"Marahaba, Skolastika," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

Hapo salamu yetu huishia kwenye kazi njema. Lakini yeye hakuutoa mkono. Akauliza habari za mume wangu. Akauliza habari za mama yangu, na za shamba, na kama kuku wametaga. Washona magunia wakaanza kucheka, Mzee Kalisti akavua kofia, na mimi nilijibu yote, moja baada ya moja, na kile kiganja kikiwa bado juu ya mota.